Mistari Mitatu Iliyosema Kweli

Mchungaji alikuwa na daftari la shule na kalamu iliyokuwa ikimkatalia wino. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa nyumba ya mbao kule Kibati, mvua inapiga mabati, na kila aliyeingia kwenye kilio alimuuliza swali lile lile: "Wewe uko nani wa marehemu?" Alitaka orodha ya kusoma kesho yake makaburini, ameacha nani na nani. Watu walijibu haraka: mtoto wa dada yake, jirani, mama wa kwaya. Akafika kwa Uwimana, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyeketi mkekani karibu na jeneza kuliko mtu mwingine yeyote. "Na wewe, mama? Uko nani wake?" Uwimana akasema, "Mimi nilimupatiaka mutoto." Mchungaji akangoja, kalamu hewani. "Unasema ulimuzalia mutoto?" Uwimana akatikisa kichwa. "Aka! Nilimupatia mutoto." "Sasa niandike nini? Dada? Rafiki?" Uwimana akageuza uso kwenye jeneza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, viatu vimejaa matope meusi. Swali lile nilishawahi kuliuliza mimi mwenyewe, si mbali na pale, na jibu nikaliandika.

Habari ya kifo niliipata asubuhi ya siku hiyo kutoka kwa Rehema, binti wa Uwimana. Alinikuta Himbi, kwenye kibanda changu cha kupiga barua na fotokopi, ninamwandikia kijana mmoja ombi la kazi. Hakutaka kuketi. "Mama Solange, Koko amelala," akasema. Koko ndilo jina tulilomwita Mwamini sote, neno la kwetu la bibi, la kila mzee wa kike. "Mama anasema ukuje. Anasema bila wewe haiko vizuri azikwe." Yule kijana akanitazama, akaona uso wangu, akakusanya karatasi zake mwenyewe bila kuambiwa. Mimi si mtu wa kulia hovyo. Nimezika wengi katika mji huu, na nimejifunza kulia kwa zamu, baada ya kazi. Lakini nilipopanda pikipiki kuelekea Kibati nililia njia nzima, dereva akawa ananiuliza kama ni moshi, nami nikamwambia ndiyo, ni moshi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya usekretari na nimepanga chumba Katindo, karibu na kambi ya askari, kwa mwanamke aliyeitwa Mama Vumi, mke wa sajini. Kilikuwa chumba cha mbao juu ya mawe ya lava, na kitanda kililazimika kuwekewa kipande cha tofali mguu mmoja, la sivyo ulilala umeinama. Ukuta kati yangu na Mama Vumi ulikuwa ubao mmoja mwembamba. Nilisikia akikoroga fufu, ugali wetu wa muhogo, nilisikia akichambua maharagi na kuyaangusha kwenye sufuria, nilisikia hata bwana wake akivua buti. Asubuhi tarumbeta ya kambi ilituamsha sote, na Mama Vumi alinigongea ubaoni: "Solange, chai iko!" Jioni alinipakulia sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa letu, na mchicha wa lengalenga, nami nilikula naye kizingitini, tukitazama wake wa askari wakigombana kwenye bomba la maji. Ule ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, na nilijiona mtu mkubwa mno. Nilivaa beji shingoni hata nikienda sokoni kununua chumvi.

Beji ilitoka kazini. Shirika moja lenye ofisi Himbi lilikuwa limeniajiri kuandika majina ya watu waliokimbia vita, waliopiga mahema njia ya Kibati. Mkubwa wangu aliitwa Papa Déo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na ndiye aliyenifundisha fomu. Kila mstari ulikuwa na nafasi tatu: jina la mtu, uhusiano, jina la mtu mwingine. Mahusiano yalikuwa yamechapwa chini, ulichagua tu: mama, baba, mtoto, mume, mke, ndugu, bibi, shangazi, baba mdogo, jirani, hakuna. "Solange," aliniambia siku ya kwanza, "familia yote, hata ikuwe kubwa namna gani, iko watu wawili wawili. Ukishajua kila mutu iko nani kwa kila mutu, umemaliza." Loo, nililipenda neno hilo! Jioni ile nilichukua karatasi nikawapanga watu wote niliowajua, wawili wawili, Mama Vumi na sajini, sajini na kaka yake, kaka yake na shemeji. Wote walikaa. Nikaenda kulala nimetosheka, kama mtu aliyefua nguo zote na jua bado liko.

Fomu ile haikutungwa na wabaya, na sitaki mtu asome hapa akawaza hivyo. Wakati ule watoto walikuwa wakipotea. Palikuwa na watu waliokuja na watoto wasio wao ili kadi ya chakula iwe nene, na wengine waliowatumia kubeba makaa, makala tunavyoyaita sisi. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja: mtoto asiye na uhusiano na mtu aliye naye anapelekwa kwenye kituo cha watoto mjini, anatunzwa, anatafutiwa ndugu wa damu. Nilikubaliana na kanuni hiyo kwa moyo wote, na hata leo ukinibana nitakuambia kwamba iliwaokoa wengi.

Mwamini alifika mezani kwangu kabla ya saa sita, foleni imefika mpaka barabarani. Alikuwa mkulima wa Masisi, mwembamba, wa miaka sitini hivi, ana kanga kuukuu na kamba ya katani imezungushwa kiunoni. Mguuni pake alikaa msichana wa miaka sita, aliyekalia kabisa unyayo wa Koko kama kigoda, ana kovu dogo la uji wa moto chini ya sikio la kushoto. Nikaanza. "Jina la mutoto?" "Neema." "Wewe uko mama yake?" "Apana. Mama yake iko Uwimana." "Uko koko yake?" "Apana." "Shangazi?" "Apana, binti yangu." "Sasa ulimuokota wapi?" Hapo akanyoosha mgongo, na foleni nzima ikasikia. "Sikumuokota! Nilipewaka."

Akanieleza, na mimi, sitadanganya, nilisikiliza kwa sikio moja. Yeye na Uwimana walikaa pande mbili za bonde moja. Kwao Mwamini walilima viazi na maharagi wakisema Kihunde, kwa kina Uwimana walichunga ng'ombe wakisema Kinyarwanda, Jumapili wakakutana kanisa moja. Zamani baba mkwe wa Uwimana alimpa mume wa Mwamini ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hauzwi, na hapewi mtu bila kamba yake. Unakunywa maziwa, unamchunga, na ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyekupa. Mwenye kutoa ana haki ya kupita kwako mwaka hata mwaka na kuuliza, "Ng'ombe yetu iko aje?" nawe lazima umjibu, hata kama amekufa. Vita ilipokaribia, Uwimana alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa, mume wake hajulikani alipo, na kutembea hawezi. "Akaingia mu jiko yangu," Mwamini akasema, "akatosha hii kamba kwa ukuta, akaiweka mu mukono yangu pamoja na mukono ya mutoto. Akasema, 'Ile tulikupatia uliichunga muzuri. Chunga na huyu. Nitakukuta.'" Akaifungua kamba kiunoni, akailaza juu ya fomu zangu. Ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa, inanuka moshi na maziwa. Nikaisogeza pembeni. "Koko," nikamwambia, "kamba haiandikwe."

Nikamuuliza mtoto mwenyewe, maana kanuni ilitaka aulizwe. "Neema, huyu ni nani yako?" Akafikiri, akaukandamiza unyayo wa Koko kwa makalio yake madogo, akasema, "Mama alinipatia yeye." Nikaandika: Mtoto hajui. Nimeyaona maneno hayo mawili kwenye kila ukuta wa kila nyumba niliyokaa tangu siku ile. Mtoto ndiye pekee mezani pale aliyelisema jambo lote bila kulikatakata, katika maneno matatu, na mimi mwenye beji nikaandika kwamba hajui.

Ubaya ni kwamba nilijua njia. Papa Déo alikuwa meza ya mwisho, ametugeuzia mgongo. Nikainama, nikamnong'oneza Mwamini, "Koko, sema tu uko koko yake. Neno moja. Nitaandika, mutaenda pamoja." Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi. "Nikisema iko mujukuu wangu, nitakuwa nimemuiba kwa mama yake. Mwenye alipewa ng'ombe akianza kusema 'ng'ombe yangu', unamuita nani? Si mwizi?" Na mimi nilijua! Watu wa kwetu wametoka milima hiyo hiyo. Kabla sijajua kuandika jina langu nilijua kwamba aliyepewa husema "ng'ombe tuliyopewa na fulani" mpaka anaingia kaburini, na kwamba siku akiliacha jina la fulani amevunja urafiki wa nyumba mbili. Lakini jua lilikuwa kali, foleni inasukumana, mtu anapiga kelele kwamba mtoto wake anazimia. Nikamwona mzee mkaidi anayenipotezea muda. Nikachukua kalamu ya bluu, nikaandika mistari mitatu. Uwimana, mama wa Neema. Mwamini, jirani wa Uwimana. Mwamini na Neema, hakuna.

Tafuta uongo humo, huupati. Nimeirudia mistari ile miaka na miaka, nimeigeuza juu chini, kila mmoja ni kweli tupu. Papa Déo mwenyewe angeapa kwa Biblia juu ya kila mmoja. Lakini ukiisoma yote mitatu, huwezi kujua kama mtoto alitolewa, au alipotea na akaokotwa, au aliibwa usiku na jirani. Mama yupo, jirani yupo, mtoto yupo, na mistari ni ile ile kwa mwizi na kwa mtu mwaminifu. Kupa hakukai kati ya watu wawili. Kunawataka wote watatu kwa pamoja, anayetoa, anayepokea, na anayetolewa, na ukimwondoa mmoja ili uandike vizuri, wawili waliobaki si kipande cha kupa, ni watu wawili tu wamekaa. Nimefika umri huu ndipo naweza kulisema. Siku ile nilikuwa na haraka.

Nilimwita Papa Déo, nikajaribu kidogo, hilo nalo nilitaje. "Papa Déo, anasema mama yake njo alimupatia, mama yake mwenyewe." Akavua miwani. "Karatasi iko wapi? Solange, juzi tu mwanaume alikuja hapa na batoto bane, anasema alipewa. Batoto banamubebea makala mpaka migongo inatoka damu. Unataka niamini kila mwenye kusema nilipewa?" Gari likaletwa. Mwamini hakupiga kelele, hakujitupa chini kama wengine. Alimwinua Neema, akamfuta pua kwa ncha ya kanga, akamshika mkono, na mkono huo akauweka katika wangu. "Basi nakupatia wewe," akasema. "Mama yake akikuja nitamuambia nilikupatia wewe." Nikaushika, nikadhani ananisaidia kumpandisha mtoto garini. Nikanyoosha na mkono wa pili kuchukua ile kamba mezani, labda mtoto ataitaka, nikawaza, ya kuchezea. Mwamini akaiwahi, akairudisha kiunoni pake. "Hii bado," akasema.

Jioni ile nilimsimulia Mama Vumi kizingitini, kwa majivuno kidogo, jinsi kazi yangu ilivyo ngumu. Alikuwa akisafisha sambaza. Aliacha, akanitazama, akaendelea kusafisha. Nilipoingia chumbani nikamsikia kupitia ubao akimwambia bwana wake, na wala hakupunguza sauti: "Huyu binti bamemusomesha, lakini hajue kitu. Mutu anamuambia nilipewa, yeye anauliza mulizaana?" Sajini akacheka. "Na yeye iko mutu wa Masisi!" Mama Vumi akasema, "Njo maana ninakasirika." Nililala na njaa, maana niliona haya kutoka kwenda kuchukua sahani yangu. Asubuhi tarumbeta ililia, ubao haukugongwa.

Kituo cha watoto kilikuwa Himbi, nyumba nzuri karibu na ziwa, maua mlangoni, kila mtoto na kitanda chake. Kila Jumamosi Mwamini alitembea kwa miguu kutoka Kibati mpaka kule na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye jani la mgomba. Mlinzi alimuuliza yeye ni nani wa mtoto, naye alijibu lile lile, na mlinzi akachoka akawa anamwacha aketi kwenye ngazi. Nilimwona mara mbili nikipita na mafaili. Neema alikuwa akila kiazi amekalia unyayo wa Koko. Mara ya pili nilipita upande mwingine wa nyumba ili wasinione.

Kabla ya msimu wa mvua akaja mwanamume. Suruali iliyopigwa pasi, karatasi yenye muhuri wa chifu fulani, majina yote anayajua: Uwimana, mume wake, bonde, kanisa. Baba mdogo wa mtoto, akasema. Papa Déo alifurahi kweli, akampa kiti. Mimi ndiye niliyeandika mstari, na uliandikika bila shida yoyote, nafasi zote tatu zikajaa: yeye, baba mdogo, Neema. Mtoto alisitasita kidogo mlangoni, nikamwambia, "Nenda, ni wa kwenu." Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Jumamosi Mwamini alifika na viazi vyake, akakuta kitanda kimetandikwa.

Uwimana alitokea mwezi wa mvua kubwa, na Rehema mchanga mgongoni. Alikuwa amejifungulia porini, akaugua, akafichwa na watu asiowajua, akatembea. Mwamini akamleta mpaka mezani kwangu, foleni ikawapisha. Wakasimama mbele yangu wote wawili wamelowa, na Uwimana akamuuliza Mwamini, si mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mutoto wangu iko wapi?" Mwamini akaninyooshea kidole. "Nilimupatia huyu." Nikatafuta faili. Ndilo jambo nililojua kufanya. Nikaifungua, nikaigeuza ili asome, akasema hajui kusoma, nimsomee. Nikasoma, "Uwimana, mama wa Neema." Akasema, "Njo vile." "Mwamini, jirani wa Uwimana." "Njo vile." "Mwamini na Neema, hakuna." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Na wapi umeandika mimi nilimupatia?" "Haiko, mama. Hapakuwa na mahali." Kisha nikamsomea mstari wa nne, nikiutumaini, sauti yangu ikapanda kidogo, kwa sababu huu ulikuwa wa damu. Baba mdogo. Uwimana akaishika meza. "Bwana yangu hakukuwa na mudogo," akasema. "Alizaliwa peke."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu huyazoa tu, hata kwa vidole. Papa Déo alienda mwenyewe mpaka kijiji kilichoandikwa kwenye karatasi ile na akakuta kijiji, ila hakuna aliyemjua mwanamume yule, na chifu wa muhuri alikuwa amekufa zamani. Akarudi amezeeka. Tuliuliza vituo, makanisa, masoko ya njia zote. Niliacha kazi kabla mwaka haujaisha, na nilipomrudishia beji Papa Déo hakunizuia. Alisema tu, "Na mimi ningeandika vile vile, Solange." Alitaka kunifariji. Nilimchukia kwa hilo kwa miaka, mpaka siku nilipoelewa kwamba alikuwa akijisema mwenyewe.

Nilidhani wale wanawake wataachana kwa laana. Watu wote wa kambini walidhani hivyo, na wengine, kwa sababu ya lugha zao mbili, waliingoja hiyo laana kwa hamu. Siku ya kwanza Uwimana alimpiga Mwamini ngumi za kifua, nami nikaona, na Mwamini akasimama tu akipigwa. Kisha mvua ikazidi, mtoto mchanga akalia, wakaingia hema moja. Hawakutoka tena. Kambi ilipofungwa wakajenga nyumba moja Kibati, shamba moja, Rehema akakua kati yao. Nilikuwa nikiwapelekea sabuni na chumvi, mwanzo kwa woga, baadaye kwa sababu sikuwa na mahali pengine ambapo sikuhitaji kueleza kitu. Kila Jumapili baada ya kanisa, kabla ya kula, Uwimana aliweka chini kijiko akauliza, "Mutoto iko wapi?" Mwamini alijibu, "Niko namutafuta." Kisha wakala. Mara ya kwanza nilipousikia mchezo huo nilitaka kukimbia. Sikuwa nimeelewa kwamba si mchezo na si lawama. Lilikuwa lile swali la aliyetoa: ng'ombe wetu yu hali gani, naye aliyepewa anajibu. Siku Uwimana angeacha kuuliza, ingekuwa amemwambia Mwamini: hukupewa kitu. Na siku hiyo wote wawili wangebaki bila Neema kabisa, hata yule wa maneno.

Nami nimemtafuta. Nikiona mwanamke wa rika lake anauza mkate, au anashuka kwenye boti, au ananiletea barua ya kupiga, macho yangu yanakwenda chini ya sikio la kushoto, kutafuta kovu, kabla sijamsalimu. Wengine wamenikasirikia. Mume wangu amezoea, wanangu wananicheka: "Mama anakagua masikio." Mkubwa wao anakaribia umri niliokuwa nao nilipovaa beji. Sijawahi kumwambia yote.

Basi tulikuwa pale mlangoni, mchungaji na daftari lake. Uwimana alipokataa kuchagua kati ya dada na rafiki, mchungaji akaguna, akaruka mstari, akaninyanyulia macho mimi. "Na wewe, mama? Uko nani wa marehemu?" Nilikuwa nimeandaa njiani: rafiki wa zamani. Lingetosha, tena ni kweli. Mdomo ukafunguka, nikasikia ninasema, "Mimi njo alinipatiaka mutoto." Mchungaji akaniangalia, akamwangalia Uwimana, akaifunika kalamu yake taratibu. Alikuwa mtu wa milima yule. Nafikiri aliposikia mara ya pili ndipo alipoelewa.

Uwimana akainuka kwa shida, magoti yakilia. Akaenda kwenye msumari juu ya jiko, akaitungua ile kamba ya katani, nyeusi sasa kwa masizi, imekatika ncha moja. Akamwita Rehema asimame karibu aone, kwa maana lazima awepo wa kuona. "Koko alisema hii iko yako," akaniambia. "Alisema siku ile alikupatia mutoto, kamba akakunyima, sababu hakukuwa anakujua. Juzi akaniambia, 'Sasa ninamujua.'" Akaiweka kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama unavyomfungia mtoto pesa ya dukani. Mvua ilikuwa imepungua. Nilimsikia mtu nje akipasua kuni.

Akaketi tena mkekani, karibu na jeneza, akapanga kanga yake magotini. Akaninyanyulia uso. Hakukuwa na hasira humo, na ndiyo sababu niliogopa.

"Solange," akasema. "Mutoto wangu iko wapi?"

Nikaipitisha kamba kiunoni, nikaifunga.

"Niko namutafuta, mama."